Rangi ya Mtu Kwenye Karatasi

Mteja wa picha hajui majenta wala sayani, na hana sababu ya kuzijua. Anachokijua ni ngozi yake, ngozi ya mama yake, na nguo aliyovaa siku ile. Akikabidhiwa bahasha pale kaunta, huchomoa picha ya juu, huigeuzageuza kwenye mwanga, kisha lawama zinakuja kwa maneno ya nyumbani: mbona nimekuwa mweusi hivi, mbona nimepauka, gauni langu ni damu ya mzee, hapa mmelifanya pinki. Wengine hawasemi kitu. Wanalipa, wanaaga kwa heshima, na harusi inayofuata katika ukoo wao inapelekwa kwa fundi mwingine. Nimefanya kazi ya kusafisha na kuchapa picha Kariakoo tangu enzi za filamu, na hao wanaonyamaza ndio wanaoninyima usingizi.

Vijana wenye printa mpya hunijia na swali lile lile: picha inapendeza kwenye kompyuta, kwa nini karatasi inatoa kitu kingine? Wanataka niwatajie namba za kuweka ili waende zao. Namba zipo, na nitazitaja. Ila jambo kubwa nililojifunza liko nyuma ya namba. Kila mashine ya picha imeshaamua, kabla hujaigusa, ni rangi ipi iliyo ya kawaida. Fundi asiyejua uamuzi huo ulifanyika vipi, na kwa kumtazama nani, atabaki kuutii, na uso wa mteja wake ndio utakaolipa.

Uamuzi wa namna hiyo niliuona kwanza kwenye mashine ya labu nilikofundishwa kazi. Filamu iliingia upande mmoja, ikapita kwenye dawa yenye joto la nyuzi 37.8 za Selsiasi, joto ambalo halikutakiwa kuyumba, ikatoka upande wa pili ikiwa negativu. Mashine ya kuchapia ikaitazama kila negativu na kukisia kiasi cha mwanga na rangi ya kuipa karatasi. Kisio chake kilikuwa hiki: picha yoyote ile, ukiikoroga yote kwa pamoja, itakupa kijivu cha katikati. Kwa picha ya ufukweni yenye watu wachache, mchanga, anga na minazi, kisio hicho kinafanya kazi vizuri ajabu. Kwa sendofu ya Temeke hakifanyi kazi. Kina mama wamejipanga na sare zao nyekundu mbele ya pazia jekundu. Mashine inaona wekundu mwingi, inadhani taa ndiyo nyekundu, inavuta rangi kuelekea upande wa pili, na nyuso zote zinaingia ukijani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi anasimama mbele ya kitambaa cheusi. Mashine inadhani picha imekosa mwanga, inaing'arisha, naye anapauka. Mtu mweusi akipigwa picha mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, mashine inadhani mwanga umezidi, inaifanya picha nzito, na macho yake yanazama gizani. Hakuna kilichoharibika hapo. Mashine imefanya sawasawa na ilivyoagizwa.

Mzee aliyenifundisha alikaa na vidole vyake juu ya vitufe vinne, kimoja cha uzito wa picha na vitatu vya rangi: sayani, majenta na njano. Negativu ikipita mbele yake, hakuanza na uso. "Tafuta kwanza kitu kisicho na rangi," alikuwa akiniambia, "halafu ndiyo umtazame mtu." Mimi nilidhani angeitazama kanzu, lakini kanzu hakuiamini. Kanzu nyingi ni za krimu, na zile nyeupe husuuzwa kwa bluu ya kufulia, kwa hiyo weupe wake una siri ndani yake. Aliamini ukuta wa saruji usiopakwa rangi. Aliamini lami. Zaidi ya vyote aliamini mvi, kwa sababu mvi hukaa karibu na uso na hupokea mwanga ule ule unaoupokea uso. Mvi zikishakuwa kijivu safi, alijua ngozi iliyo chini yake imekaa mahali pake, hata kama mwenye mvi hizo hajawahi kumwona maishani.

Ubavuni mwa mashine ile ilibandikwa picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi wa labu katika nchi nyingi waliziita picha za namna hiyo "Shirley", kwa jina la Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa mwanzo kupigwa picha kwa kazi hiyo katika miaka ya 1950. Labu ilichapa picha ya Shirley, na ngozi yake ikitoka sawasawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mzee aliichapa kama alivyotakiwa. Kisha alitoa kwenye droo negativu yake mwenyewe, ya mkewe amekaa barazani, mwenye ngozi ya maji ya kunde, akaichapa pia. Hiyo ya pili ndiyo aliyoitumia kuamua kama siku ya kazi inaweza kuanza.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma habari hizo kwa kirefu. Msomi wa Canada, Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, alichapisha mwaka 2009 utafiti wake kuhusu kadi za Shirley. Anaeleza kwamba filamu za rangi za zamani zilitengenezwa kwa kuitazama ngozi nyeupe, na kahawia mbalimbali hazikupewa nafasi ya kutosha ya kutofautiana. Waliosikilizwa walipolalamika hawakuwa watu weusi waliokuwa wakipotea kwenye picha za darasa. Walikuwa watengenezaji wa chokoleti, ambao matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya chokoleti nyeusi na ya maziwa, na watengenezaji wa samani, ambao mbao zao zilitoka zote rangi moja. Filamu zikaboreshwa kwa ajili ya mbao na chokoleti, na ngozi zetu zikafaidika humo humo. Mara ya kwanza kusoma habari hiyo nilikaa nayo kwa muda mrefu, nikimfikiria mzee na ile negativu ya droo. Hakuwa amesoma utafiti wowote. Alikuwa ameliona tatizo kwa macho yake na kulitafutia dawa kwa picha ya mke wake.

Kuna kadi nyingine ninayoipenda kuliko kifaa chochote nilicho nacho. Ilitolewa mwaka 1976 kwa jina la Macbeth ColorChecker, na ina miraba 24. Mraba wa kwanza kabisa, juu kushoto, ni wa ngozi nyeusi. Wa pili ni wa ngozi nyeupe. Na mstari wa chini unashuka kutoka nyeupe kupitia kijivu hadi nyeusi. Mpiga picha akiishika kadi hiyo mbele ya bi harusi kwa picha moja tu, kila mara anapohamia kwenye taa nyingine, amenipa mimi wa kuchapa ushahidi. Ukumbi wa harusi wa mjini siku hizi una taa za LED za zambarau alizoweka mpambaji, tyubu za ukumbi wenyewe, balbu za njano kwenye meza kuu, na jua linaloingia mlangoni. Kamera inajitahidi kupatanisha mambo hayo yote na inashindwa. Kadi inaniambia mwanga ulikuwaje pale alipokuwa amesimama yeye. Wapiga picha wengi wanaona haya kuitoa mbele ya wageni. Nawaomba waitoe. Hata kadi ya kijivu tupu inasaidia sana.

Zilipokuja kamera za dijitali, wengi tulidhani fundi wa rangi amekwisha kazi. Kilichotokea ni kwamba kila mwenye kompyuta aligeuka kuwa fundi wa rangi bila kuambiwa. Faili ya picha ni namba tu. Kila nukta ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 255. Lakini nyekundu 255 ni nyekundu ipi? Ya skrini yangu, ya simu yako, au ya wino wa printa? Mwaka 1993 kampuni kadhaa, Adobe, Apple, Kodak na Microsoft zikiwamo, ziliunda chombo kiitwacho ICC ili kila kifaa kiwe na maelezo yake ya rangi, yaani profaili. Mwaka 1996 HP na Microsoft wakapendekeza sRGB, wigo wa rangi ambao mpaka leo ndio unaochukuliwa kuwa wa kawaida kwenye picha nyingi. Adobe RGB, mpana zaidi, ukafuata mwaka 1998. Profaili haibadilishi kifaa. Ni kama vipimo anavyochukua fundi cherehani kabla ya kukata kitambaa: bega lako liko hivi, kiuno chako kiko hivi. Ukimpa vipimo vya mtu mwingine, hata akiwa na mkono wa dhahabu, nguo haitakaa.

Mfano wa vipimo vya mtu mwingine unaingia dukani kwangu kila siku mfukoni mwa mteja. Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, simu hizo hupiga picha katika wigo uitwao Display P3, wenye nyekundu na kijani kali kuliko sRGB. Mashine nyingi za kuchapa picha mitaani huzisoma namba hizo kana kwamba ni za sRGB. Matokeo yake picha inapoa, kanga inanyauka, mdomo wenye rangi unakuwa wa udongo, na mteja anaambiwa simu yake ni mbaya. Simu haina kosa. Dawa ni kuifungua picha katika programu inayoheshimu profaili, kuibadilisha kwenda sRGB kwa njia halali, ndipo ipelekwe kwenye mashine. Na picha ikija kwa WhatsApp, nawasihi waitume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na kupunguzwa, na kwenye ngozi nyeusi mbano huo unaonekana kwanza kwenye vivuli vya shavu na shingo, penye tofauti ndogo ndogo zinazoupa uso umbo lake.

Sasa skrini. Lalamiko la "picha imetoka nyeusi" mara nyingi linaanzia hapa. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwangaza mkali, ili zipendeze zikiwa zimepangwa dukani. Karatasi haina taa ndani yake; inarudisha tu mwanga unaoiangukia. Ukiitengeneza picha kwenye skrini yenye kung'aa mara mbili au tatu ya karatasi, mkono wako utaipunguza bila wewe kujua, na karatasi itatoka giza. Kwa kazi ya kuchapa, skrini huwekwa kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, na weupe wake kwenye kelvini 6500 hivi. Kuna kifaa kidogo kinachoning'inizwa juu ya kioo cha skrini, kinasoma rangi moja baada ya nyingine na kuiandikia skrini profaili yake. Kwa fundi anayeishi kwa kazi hii, kinunuliwe kabla ya lenzi ya pili. Asiyekuwa nacho bado ana njia: afungue ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini, aweke karatasi nyeupe ya picha pembeni chini ya taa atakayoitumia kukagulia, kisha ashushe mwangaza mpaka nyeupe hizo mbili zifanane machoni. Ni kipimo cha mkono, lakini kinaondoa nusu ya malalamiko. Na umeme ukikatika ukarudi, skrini iachwe ipate joto kwa nusu saa kabla ya kuamua jambo lolote la rangi.

Chumba nacho kina neno. Duka nililokodi lilikuwa na kuta za kijani ya mnanaa, rangi wanayoipenda wenye nyumba wengi wa mjini. Macho yetu hujirekebisha kwa kile kilichoyazunguka; ukikaa ndani ya kijani kwa muda, ubongo unaanza kuipunguza kijani, na wewe unaanza kuiongeza kwenye picha. Nilipaka kijivu kisichoelemea upande wowote, nikaweka pazia zito dirishani. Jirani zangu walisema duka limekuwa la huzuni. Lakini nyuso ziliacha kuyumba.

Kwenye printa yenyewe kuna kosa moja ninalokutana nalo kuliko yote. Kijana mmoja aliniletea picha za ubatizo, nyuso zote za zambarau iliyoiva, amebadilisha wino mara kadhaa na bado. Tulifungua kompyuta yake. Photoshop ilikuwa imeshazibadilisha rangi kwa profaili ya karatasi, na programu ya printa nayo, kwa bidii yake, ikazibadilisha tena. Rangi zikisahihishwa mara mbili mara nyingi huelemea majenta. Tuliiachia Photoshop kazi hiyo, tukazima usimamizi wa rangi upande wa printa, na watoto wale wakarudi kuwa watoto wa mama zao. Mmoja tu ndiye asimamie. Ukichagua printa isimamie, Photoshop ikae kando.

Wino wa chupa ni habari inayozua ugomvi. Wino asilia ni ghali, na sitamlaumu fundi mwenye printa ya tangi anayenunua chupa za bei nafuu. Picha ya pasipoti saizi ina bei yake na watoto wanahitaji ada. Ninachosisitiza ni kwamba profaili iliyokuja na printa ilipimwa kwa wino wa mwenye printa na karatasi yake. Ukibadilisha kimoja, vipimo vimekwisha. Kwa hiyo chagua wino mmoja na karatasi moja, uvishikilie, kisha utengenezewe profaili yako: unachapa jedwali la miraba mamia kadhaa, na mwenye spektrofotomita anaipima mmoja mmoja. Jedwali liache likauke mpaka kesho yake. Kwetu pwani, kwa unyevu huu, wino unaendelea kukaa na kubadilika muda mrefu baada ya karatasi kuonekana kavu, na anayepima mapema anapima kitu kisichokuwapo kesho.

Karatasi pia inachagua nani atakayeonekana. Karatasi ya mati ina weusi usiozama sana, kwa hiyo kahawia nzito zote zinabanwa kwenye ngazi chache. Uso mweusi tii unapoteza mpaka kati ya shavu na taya. Karatasi ya glosi, au ile yenye vipele vidogo vidogo vya hariri, inashuka chini zaidi na kuacha nafasi ya ngazi hizo. Mti wa mahogani na mti wa mpingo yote ni myeusi kwa anayepita haraka, na fundi seremala atakuambia tofauti yake kwa kutupa jicho. Mpiga chapa wa watu wetu anapaswa kuwa na jicho hilo kwa ngozi. Picha ya mtu mweusi sana siichapi kwenye mati isipokuwa mwenyewe amesisitiza, na hata hapo namwonyesha kwanza zote mbili.

Katika sare za harusi nimejifunza kuomba kipande cha kitambaa. Kamati inaposema sare ni bluu, naomba kidole kimoja cha kitambaa chenyewe, nakibana kwa pini kwenye kitabu cha oda. Kuna rangi ambazo wino hauzifikii: buluu kali ya skrini hugeuka zambarau kwenye karatasi, chungwa ya kanga mpya hupungua ukali, na feruzi ya satini hutulia. Hapo ndipo programu inakuuliza namna ya kubadilisha. Njia moja inakandamiza rangi zote kwa pamoja ili uhusiano wao ubaki. Nyingine inaacha zile zinazowezekana zilivyo na kuzisogeza zile tu zilizozidi. Kwa picha yenye nyuso nachagua mara nyingi ya pili, kwa sababu ngozi ya binadamu iko ndani kabisa ya uwezo wa wino, na sioni haki ya uso kuhamishwa kwa ajili ya satini. Namwita mwenye harusi namwambia mapema: shangazi zako watatoka walivyo, sare itapungua kidogo ukali. Sijawahi kumwona mtu akikataa akishaelezwa hivyo kabla ya kulipa.

Kipande hicho cha kitambaa kinafundisha jambo jingine. Chini ya tyubu ya duka kinaweza kufanana kabisa na picha. Ukitoka nacho kibarazani vinaachana, kimoja kinaelekea wekundu, kingine ukijani. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti zinaweza kupatana chini ya taa moja na kugombana chini ya nyingine. Ndiyo maana wachapaji walikubaliana kukagua chini ya mwanga mmoja, wa kelvini 5000, ulioandikwa katika kiwango cha ISO 3664. Balbu za kelvini 5000 zenye kuonyesha rangi kwa alama ya 90 na zaidi zinapatikana, na moja juu ya meza inatosha kuanzia. Kisha namuuliza mteja picha itatundikwa wapi. Sebule ya balbu ya njano inaipa picha joto. Kibaraza kinaipa ubaridi. Na zile karatasi nyeupe mno zimetiwa dawa ya kung'aa inayowaka kwa miale ya jua isiyoonekana. Kwa miaka dawa hiyo huchoka, na weupe ukarudi kuelekea njano. Kwa picha ya kukaa ukutani kizazi hadi kizazi, nachagua karatasi isiyo na dawa hiyo.

Sasa niseme jambo linalonigusa kuliko yote. Wateja wengi, wake kwa waume, huinama kaunta na kunong'ona: "Fundi, nisafishe kidogo." Wanataka kung'arishwa. Simu zimewazoesha, maana kamera ya mbele ya simu nyingi inalainisha na kupausha uso hata bila kuombwa. Sigombani na mtu kuhusu uso wake. Ila jibu langu ni lile lile: nitakutoa kwanza ulivyo, kwa kazi yangu yote, ukishajiona tutazungumza. Ninaamini kabisa kwamba wengi wanaoomba kung'arishwa hawajawahi kujiona wakiwa wamechapwa sawasawa. Wamejiona kwenye picha zilizozamisha macho yao na kuwapaka ukijivu, wakahitimisha kwamba tatizo ni ngozi. Nikimpa mtu picha yenye wekundu wa kahawia yake mwenyewe, mwanga unaoteleza kwenye paji la uso, na weusi wa vivuli ambao bado una mtu ndani yake, anaitazama kwa muda mrefu, na mara nyingi ombi la kung'arishwa halirudi tena.

Bi harusi ana mtihani wake. Mpambaji amempaka poda yenye ngazi moja au mbili juu ya shingo yake, na poda nyingine zikipigwa na fleshi hurudisha weupe wa majivu. Uso ni mwingine, mikono ni mingine. Mimi nafuata mikono. Nikishaipata mikono yake ilivyo, uso wake unabaki kama mpambaji alivyouacha, na ndivyo wageni walivyomwona siku ile.

Kazi ngumu kuliko zote ni ya picha ya marehemu. Familia moja ilinijia kabla ya arobaini ya mama yao, wakitaka picha kubwa ya ukutani. Picha nzuri pekee waliyokuwa nayo ilipigwa kwa simu, sebuleni usiku, tyubu juu na balbu ya jikoni pembeni, mama amekaa kwenye kochi katikati ya ndugu. Kwenye faili alikuwa wa kijani-kijivu. Nikaanza kuirekebisha, na watoto wakaanza kubishana nyuma ya kiti changu. Binti alisema mama alikuwa maji ya kunde. Kaka mkubwa alisema hapana, mama alikuwa mweusi, wewe ulimjua akiwa amekaa ndani sana. Mdogo wao akasema mimi namkumbuka alivyokuwa hospitali, na hapo wote wakanyamaza. Hapakuwa na kadi ya kijivu kwenye picha ile, wala saruji. Mama alijitanda ushungi, kwa hiyo mvi hazikuonekana.

Nikaitazama picha upya, nikauliza yule aliyekaa ubavuni mwa mama, bega kwa bega, ni nani. Mdogo wake, wakasema, mama mdogo, yuko Magomeni. Mwanga uliowaangukia wote wawili ulikuwa ule ule. Nikawaomba waje naye. Alikuja kesho yake asubuhi, tukamkalisha mlangoni penye kivuli, jua likiwa bado halijawa kali. Nilikata uso wake kutoka kwenye picha ile ile, nikachapa ukanda wa nyuso ndogo ndogo, kila moja imesogezwa kidogo: majenta zaidi, kijani pungufu, nzito, nyepesi. Nikampa aushike karibu na shavu lake. Watoto wa marehemu walisimama mbele yake, wakimtazama mama yao mdogo, wakitazama ukanda, na safari hii hawakubishana. Wote watatu waliweka kidole mahali pamoja. Marekebisho yaliyomfaa yeye nikayapitisha kwenye picha nzima, mama akiwamo, nikachapa.

Binti aliipokea kwa mikono miwili akaniambia, "Fundi, huyu ndiye."

Baada ya mwaka wakaagiza nakala nyingine, moja ya Tabora na moja ya dada yao aliyeolewa Muscat. Nilikuwa nimehifadhi faili pamoja na profaili yake, aina ya karatasi, wino, na ule ukanda wenyewe ndani ya bahasha. Wino wa chupa niliokuwa nikiutumia ulikuwa umebadilishwa na muuzaji wakati huo, kwa hiyo nikapima profaili mpya, nikachapa ukanda mwingine na kuulinganisha na ule wa zamani chini ya taa ya meza mpaka vikakubaliana. Nyuma ya kila nakala niliandika kwa kalamu karatasi gani, wino gani na mwaka gani, ili fundi mwingine huko Muscat au Tabora, akiletewa picha hiyo airudie, ajue pa kuanzia.